SOMO: MAJI YATAFIKA WAPI? Tujue hatari ya mafuriko mu kijiji chetu, na kazi ya bima ya nyumba



Kisha somo hili, kila memba ataweza kufanya mambo matatu: kusema nyumba yake iko katika hatari gani ya maji, kutofautisha akiba ya kikundi na bima, ile tunaita asiranse, na kuuliza maswali ya lazima mbele ya kusaini kontra.

1. Mafuriko hayako ya namna moja

Kwetu Kivu ya Kusini tumeona mengi. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17/4/2020, muto Mulongwe ulijaa na kuingia mu muji wa Uvira. Watu walikufa, maelfu walibakia bila nyumba. Tarehe 4/5/2023, katika teritware ya Kalehe, maji na mawe vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Tena mu mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda mpaka likaingia katika nyumba za watu Uvira na Kalemie.

Tuangalie tofauti. Maji ya mulima yanakuja kwa saa chache, tena yanabeba mawe, miti na udongo. Hapo kitu cha kwanza ni kuokoa watu. Hakuna wakati wa kutoa kabati.

Maji ya ziwa yanapanda polepole na yanaweza kukaa miezi. Ziwa Tanganyika linapokea maji ya Ruzizi na ya mito mingine mingi, lakini liko na mulango mumoja tu wa kutokea: muto Lukuga, kule Kalemie. Maji yenye kubakia yanakaushwa na jua. Ndiyo maana mvua ikiisha, ziwa halishuki mara moja. Lakini hapo familia inapata nafasi ya kutoa milango, manjanja na mbegu.

Namna ya tatu ni maji ya tambarare, kama katika bonde la Ruzizi. Yanasimama mu mashamba na kulowanisha kuta. Nyumba ya matofali mabichi inaanguka hata kama maji hayakuenda mbio.

2. Kusoma alama za kwetu

Zungukeni kijiji pamoja, mukiangalia haya:

- Mawe makubwa ya mviringo kati ya nyumba, mbali na muto. Hayakujipeleka. Ni maji yaliyaleta, na yale maji yanaweza kurudi.
- Wazee. Waulizeni maji yalifika wapi wakati wa utoto wao, na muto ulikuwa unapita wapi. Muto unaweza kurudia njia yake ya zamani.
- Mulima ulio juu yenu. Kama miti imekatwa na hakuna mitaro wala majani ya kushika udongo, maji yanashuka kwa nguvu zaidi.
- Daraja na kanivo. Zikizibwa na magogo ao takataka, maji yanatafuta njia kupitia nyumba.

Wengine wanasema: "Pale maji yanafika mara moja katika miaka 10, yalifika mwaka uliopita, basi tuko na amani miaka 9." Hapana. Fikiri mufuko wenye mbegu 10 za maharagi, 9 nyeupe na 1 nyekundu. Kila mwaka unatoa moja bila kuangalia, kisha unairudisha. Mwaka unaofuata, ile nyekundu iko tena ndani. Mwenye kuishi pale miaka 20, nafasi ya kukutana na maji hata mara moja ni karibu 88 juu ya 100.

3. Akiba ya kikundi inatosha?

Tufanye hesabu. Wanamemba 60, kila mumoja anatoa franga 1 000 kwa juma. Kwa mwaka (majuma 52) ni franga 3 120 000. Nyumba moja ikiungua, na kuitengeneza kunaomba 600 000, kese inaweza. Hata nyumba 5 inaweza.

Sasa maji yaangushe nyumba 40 kwa usiku mumoja: 40 mara 600 000 ni 24 000 000. Kese imeshindwa. Na wale wenye kuchanga ndio wale wenye kuhitaji musaada. Huo ndio udhaifu wa akiba ya kijiji kimoja mbele ya mafuriko: hatari inatupata sisi wote siku moja.

Bima inachanganya watu wa fasi nyingi. Siku maji yanapiga Kalehe, wa Kisangani na wa Lubumbashi hawakupigwa, na malipo yao yanasaidia kulipa hasara. Lakini feza za bima hazirudi kama maji hayakuja. Kwa hiyo bima haichukui nafasi ya akiba. Akiba ni kwa shida ya mutu mumoja. Bima ni kwa hasara kubwa.

4. Mbele ya kusaini kontra

Zamani katika inchi yetu Sonas peke yake ndiyo ilikuwa inauzisha bima. Sheria ya tarehe 17/3/2015 ilifungulia makampuni mengine mulango, na ARCA ndiyo inawapa ruhusa na kuwachunguza. Ulizeni:

- Muko na ruhusa ya ARCA?
- Kontra inataja mafuriko? Bima ya moto mara nyingi hailipe hasara ya maji, kama haikuandikwa.
- "Maji" ni gani: muto, ziwa, mulima wenye kuporomoka, ao yote?
- Ni nyumba tu, ao pia vyombo, mbegu na mavuno?
- Franshizi ni ngapi? Ni sehemu ya hasara yenye utabeba wewe. Hasara ikiwa 1 000 000 na franshizi 200 000, utapata 800 000.
- Tuko na siku ngapi za kutangaza hasara, na munaomba karatasi gani?

Tuseme ukweli: nyumba ya udongo kando ya muto, bila karatasi ya kiwanja, ajan anaweza kuikataa ao kuomba malipo makubwa. Usikasirike tu. Naye amefanya hesabu ya ile mufuko wa maharagi. Kukataa kwake ni onyo juu ya fasi ulijenga.

Kwa koperative nyingi, ni vizuri kuanza na depo. Iko na kuta nguvu na karatasi, inabeba mavuno ya wote, na malipo yanagawanywa kwa wote.

5. Kazi ya kikundi

- Chora karata ya kijiji chini kwa fimbo: muto, nyumba, depo, masomo, njia ya kupanda juu.
- Weka jiwe pale maji yalifika zamani. Ni nyumba ngapi ziko chini ya jiwe?
- Nani atapiga filimbi usiku mvua ikizidi? Nani atabeba wazee na wagonjwa?
- Depo yetu iko juu ao chini ya alama ya maji? Kama iko chini, magunia yatapandishwa wapi?
- Chagueni watu wawili, mwanamuke na mwanaume, waende kuuliza bei ya bima na kuleta jibu kwenye mukutano unaofuata.