KASKAZI INAPOANZA: SOMO LA BAHARI KWA SISI WATU WA BARA

Leo nawaleteeni somo ambalo lilinigharimu alama. Nilipokuwa kidato cha pili tuliambiwa tuandike insha kuhusu safari ya baharini. Mimi mzaliwa wa Njoro, ambaye maji mengi niliyokuwa nimeyaona yalikuwa ya Ziwa Nakuru, nikaandika kwa mbwembwe kwamba ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Julai, bahari imetulia kama maji ya mtungini, na wavuvi wakatweka tanga la ngalawa yao kwenda kuvua nguru nje ya mwamba. Nikapata 9 kwa 20. Mwalimu aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Julai ni kusi! Hawa wavuvi wako watarudi?" Darasa zima lilicheka. Nami nikacheka, lakini kusema kweli sikuelewa.

Nilielewa mwezi wa Agosti mwaka uliofuata. Mjomba wangu ameoa Shimoni, kule Kwale, naye alinichukua likizoni.

Hebu tuanze na pepo. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, nayo huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Kusi hutoka kusini mashariki, huanza Aprili na kushika nguvu Juni, Julai na Agosti. Chanzo chake kiko mbali: bara la Asia likipata joto, hewa yake hupanda juu na kuvuta upepo kutoka huku kusini, likipoa, mambo hugeuka. Ndiyo maana majahazi ya zamani kutoka Arabuni na Ghuba yalikuja kwetu na kaskazi yakarudi na kusi. Katikati ya pepo hizo kuna tangambili, majira ambayo upepo mkubwa mmoja umechoka na mwingine haujashika. Upepo mwepesi unaovuma wakati huo, mara huku mara kule, huitwa maleleji.

Kwa nahodha wa jahazi pepo hizi zilikuwa barabara. Kwa mvuvi mdogo ni mlango unaofungwa na kufunguliwa. Ukisimama Shimoni waona kisiwa cha Wasini ng'ambo, nyuma yake visiwa vya Mpunguti na Kisite, kisha Mkondo wa Pemba wenye kina cha mamia ya mita. Huko ndiko wanakopita nguru, jodari na samsuli. Kusi inapovuma, mawimbi huja kutoka bahari kuu bila kuzuiwa na kitu hadi yanapogonga mwamba, na mshindo wake husikika usiku ukiwa kitandani. Ngalawa na mitumbwi hubaki ndani ya mwamba kuvua tafi, changu na pono kwa malema. Siku nyingine haitoki kabisa.

Nilikaa jirani na mzee mmoja mvuvi, mwenye kijana wa rika langu, naye kidato cha tatu. Agosti ile kijana huyo alikuwa nyumbani tangu wiki mbili kabla ya shule kufungwa, kwa sababu ya karo. Deni la dukani lilikuwa limefika mahali ambapo mwenye duka husalimu bila kutabasamu. Asubuhi moja upepo ulilala. Bahari ilikuwa kama niliyoiandika katika insha yangu! Kijana akamwambia baba yake, "Baba, leo si twende nje?" Mzee alitazama juu, akatazama povu lililokuwa mwambani, akasema, "Hii ni kusi inavuta pumzi, mwanangu." Akaendelea kushona wavu. Kijana alinuna hadi adhuhuri. Alasiri upepo ulirudi, na kwa nguvu. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

Wenzangu wa Njoro, jambo hili si geni kwetu. Ni mkulima gani hapa hajawahi kudanganywa na mvua ya siku tatu, akapanda mahindi, mbegu ikaoza au ikakauka? Tofauti ni kwamba mkulima hupoteza mbegu.

Basi mwanzo wa msimu hujulikanaje? Mzee alinifundisha mengi, nami naandika niliyoyashika. Kwanza povu la mwambani hupungua kwa siku kadhaa mfululizo, si siku moja. Pili maji yaliyokuwa yamechafuka huanza kuwa maangavu, hata waweza kuona matumbawe chini. Joto la maji nalo hupanda. Katika pwani yetu huwa kama digrii 25 wakati wa kusi na kukaribia 29 au 30 mwishoni mwa kaskazi. Hayo huanza kuonekana Oktoba. Lakini Oktoba na Novemba ni miezi ya mvua za vuli pia, na wingu moja jeusi laweza kuleta dhoruba ya ghafula mahali palipokuwa shwari. Kwa hiyo mwanzo wa msimu una samaki, na una hatari yake. Naona wengi huisahau hii ya pili.

Halafu kuna maji yenyewe, na hapa ndipo nilipopata kazi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani mara mbili kila mwezi, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ni maji ya bamvua, na tofauti ya kujaa na kupwa yaweza kufika karibu mita 4. Katikati yake ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Wakati wa bamvua maji hukimbia katika milango ya mwamba kama Mto Njoro baada ya mvua kubwa. Mshipi huchukuliwa na lema laweza kuburutwa. Mvuvi wa mshipi hupenda maji mafu. Lakini bamvua nayo ina watu wake: maji yakipwa, karibu saa nne asubuhi, mwamba huwa wazi na akina mama hutoka na vijiti kutafuta pweza mashimoni. Pweza huliwa, na mwingine huwa chambo. Mzee hakuwa na jedwali lolote, alihesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu kwa vidole na hakukosea hata siku moja nilipokuwa pale.

Niseme pia kwamba si kila mwamba huvuliwa. Kisite ni hifadhi ya taifa na uvuvi umekatazwa. Mpunguti huruhusiwa uvuvi wa kienyeji. Wengine hunung'unika, lakini mzee alisema samaki wakubwa hutokea huko wakaja kwao. Mwaka wa 1998 maji yalipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yakageuka meupe na kufa. Anaukumbuka mwaka huo kama sisi tunavyokumbuka mwaka wa njaa.

Nilirudi Njoro shule zilipofunguliwa. Yule kijana hakurudi kwake. Tulikuwa tukiandikiana kwa simu ya mama. Septemba: "Bado kusi." Mwanzo wa Oktoba: "Povu limepungua, mzee anasema bado." Nilimwona mzee mkaidi sasa, maana mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia. Wiki ya tatu ya Oktoba, maji yakiwa mafu, ujumbe ukaja: "Tumetoka." Walivua vibua wengi na nguru wawili. Siku ya pili wakapata kidogo. Siku ya tatu wakaona wingu upande wa Pemba, wakakata mshipi mmoja na kurudi mbio. Mvua iliwakuta wakivuta chombo pwani.

Duka limelipwa nusu. Karo imelipwa kiasi cha kumruhusu kukaa kwenye mtihani, naye ameniomba nimtumie maswali yetu ya Kiswahili ya muhula uliopita. Nimeyanakili yote, pamoja na lile la insha ya safari ya baharini.