Hela ya mtihani mmoja

*Shangazi, nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, na nataka kuomba vyuo vya Marekani. Mjomba anasema nifanye SAT. Rafiki yangu anasema bila TOEFL sipokelewi. Mwalimu wa tuisheni ananivutia IELTS, na darasa lake linaanza Jumatatu. Kaka yangu wa bodaboda amenipa ada ya mtihani mmoja tu, na kila jioni ananiuliza nimejisajili upi. Naona haya kumwambia sijui.*
*Njiapanda, Morogoro*

Mwanangu, hao watatu kila mmoja anavutia kwake, na mwenye jibu hajaulizwa. Mwenye jibu ni chuo.

Kwanza, SAT na TOEFL haziko kapu moja. SAT hupima hesabu, kusoma na kuandika. TOEFL na IELTS hupima Kiingereza tu. Chuo kinaweza kutaka aina zote mbili, mojawapo, au kisitake yoyote.

Kwa hiyo leo usilipe hata senti. Chukua karatasi, andika vyuo vitano unavyovitaka, kisha usome masharti ya udahili ya kila kimoja. MIT ilirudisha sharti la SAT au mwenzake ACT mwaka 2022. Vyuo vikuu vya umma vya California havitumii alama za mitihani hiyo kuchagua wanafunzi. Vingine vinakuachia uamue mwenyewe. Na vipo vinavyomsamehe mtihani wa Kiingereza aliyesoma sekondari kwa lugha hiyo, kama wewe. Waandikie uwaulize.

Karatasi ikionyesha SAT, azima kompyuta ufanye jaribio la bure kwenye programu ya Bluebook: saa 2 na dakika 14, simu umeizima. Usiache swali wazi. Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.

Ikionyesha Kiingereza, jua kwamba kwenye IELTS unaongea na mtahini uso kwa uso, kwenye TOEFL unaongea na maikrofoni. Wewe mwenye haya, pima hapo. Usiwahi mno pia: matokeo hayo huhesabika kwa miaka 2 tu.

Jumatatu ya mwalimu ipite. Kaka akirudi jioni, mpe hiyo karatasi aisome. Mwambie hujajisajili kwa sababu hela yake haina ya pili. Mtu anayehesabu abiria mmoja mmoja atakuelewa.