Binti aliyerudi tusimlaumu

Karibu na Bandari ya Mtwara upo mji wa Mikindani, ambako zamani watumwa walipakiwa majahazini. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alipiga marufuku biashara ile baharini. Leo mtumwa anapanda basi, na mzazi anampungia mkono.

Huja mtu na ahadi: binti atapata kazi ya ndani Dar es Salaam, atajifunza cherehani, atatuma fedha. Mzazi hukubali kwa nia njema. Mtaani kwetu alirudi mmoja hana hata senti, hasemi na mtu, usiku anashtuka na kulia. Wapo waliosema ana jini, wapo waliosema kaharibika mjini. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilinyamaza.

Tujifunze. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia biashara haramu ya binadamu inasema kuwa aliyeuzwa akiwa mtoto, ridhaa yake au ya mzazi wake si utetezi kwa mshitakiwa. Na kabla ya sheria hiyo, aya ya 33 ya Suratun-Nur ilikwishakataza kuwalazimisha wasichana uchafu, ikataja msamaha na rehema ya Allah baada ya kulazimishwa kwao. Basi sisi ni nani hata tuwanyooshee vidole?

Kukosa usingizi, kujitenga na hasira za ghafla zaweza kuwa dalili za nafsi iliyojeruhiwa, na jeraha hilo lina tiba. Kwanza, awe mahali salama, mbali na aliyemdhuru. Pili, tusimlazimishe kusimulia. Akihojiwa na shangazi, kisha jirani, kisha mjumbe, kidonda kinatoneshwa. Asikilizwe na mtu anayemuamini, na siri itunzwe. Tatu, apelekwe hospitali, kama Ligula, na kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ni ya kuwasaidia watoto, nayo hupigwa bure. Dua na Qur'an tusiache, lakini kisomo kisiwe sababu ya kumnyima daktari, seuze kumfunga au kumchapa. Nne, arudi shule au afundishwe ufundi, maana kukaa bure humrudisha kwenye yaliyompata.

Maimamu na walimu wa madrasa, mnasikilizwa kuliko sisi. Semeni Ijumaa hii. Binti akirudi, neno la kwanza liwe: karibu nyumbani, mwanangu.

Wabillahi tawfiq.