Boksi la breka limechoka? Libadilishe hivi

Breka inajikata kila ukiwasha pasi. Kifuniko kina doa la kuungua. Ukisogea karibu, unanusa plastiki iliyoshika moto. Usingoje likulipukie. Iwe uko Wote, Mwingi, Kibwezi au Mutomo, hatua za kubadilisha boksi la breka ni zilezile.

Kufunga ni kazi ya fundi mwenye leseni. Kusimamia ni kazi yako. Shika hili tangu mwanzo: boksi jipya lililofungwa kwenye nyaya mbovu na ethi mbovu halimlindi mtu yeyote.

Hesabu matumizi kwanza

Zunguka nyumba na kalamu. Andika kila chombo kinachotumia stima, pamoja na wati zilizoandikwa kwenye kibandiko chake. Gawanya wati kwa 240, upate ampea. Shawa ya maji moto ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 23. Hiyo inahitaji waya wake na breka yake peke yake.

Nyumba nyingi zilizopata stima kupitia Last Mile, mradi ulioanza 2015, zilianza na redibodi: ubao mdogo wenye soketi, swichi ya taa na breka. Kama umeivutia waya wa duka, wa banda la kuku na wa pampu, imeshazidiwa. Ipumzishe, ufanye waya upya kwa sakiti zinazojitegemea.

Sasa hesabu sakiti. Taa, soketi za sebuleni na vyumbani, jikoni, shawa, pampu: hizo ni 5. Ongeza nafasi 2 za baadaye. Nunua boksi la njia 8, si la 4 eti kwa sababu ni rahisi.

Mpate fundi sahihi

Omba kuona leseni ya EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi nchini Kenya. Soma jina, daraja na tarehe ya mwisho, kisha linganisha na orodha iliyo kwenye tovuti ya EPRA. Fundi wa kweli hakasiriki ukimuuliza.

Muulize pia: "Fundi, una mega ya kupima nyaya na kifaa cha kupima ethi?" Kama anategemea bisibisi ya testa peke yake, mshukuru na utafute mwingine. Testa inakuonyesha kuna stima. Haikuonyeshi kama uko salama.

Kubalianeni bei kwa maandishi, na malipo ya mwisho yatoke baada ya vipimo. Hakikisha bei hiyo ina cheti cha kukamilisha kazi.

Nunua vitu halali

Dukani uliza konsyuma yuniti (boksi lenyewe), breka na RCD (kifaa kinachokata stima inapovuja) za kampuni moja. Ukichanganya, baa ya shaba inayoziunganisha huenda isikae sawa, na mahali palipolegea ndipo moto unapoanzia. Tafuta alama ya KEBS. Breka nyepesi kupita kiasi, yenye maandishi yanayofutika kwa kidole, irudishe.

RCD ya miliampea 30 isikosekane. Breka inalinda waya usiungue. RCD inamlinda mtoto aliyeshika waya uliochubuka. Ni kazi mbili tofauti, na moja haishiki nafasi ya nyingine.

Ongeza kifaa cha kuzuia mkupuo wa radi. Mvua za Oktoba hadi Desemba huku Ukambani huja na radi, na TV au friji ndiyo inayolipa.

Linganisha breka na waya

Hii ndiyo sheria isiyovunjwa: ukubwa wa breka unaamuliwa na waya. Taa kwenye waya wa milimita 1.5 za mraba hutumia breka ya ampea 6 au 10. Soketi kwenye waya mmoja wa 2.5 usiorudi kwenye boksi, ampea 20. Shawa, waya wa 6 na breka ya 32.

Fundi akikuambia "hii inajikata sana, tuweke kubwa," kataa. Breka inajikata kwa sababu kuna tatizo. Ukiweka kubwa, breka itanyamaza na waya utaungua ndani ya ukuta.

Pampu inavuta stima nyingi inapoanza tu. Muulize fundi kuhusu breka ya aina C kwa pampu, na aina B kwa taa na soketi.

Swichi kuu haikati kila kitu

Hapa ndipo watu hupoteza maisha. Ukizima swichi kuu, nyaya zinazoingia kwenye swichi hiyo kutoka kwa mita bado zina stima. Mita ikiwa juu ya nguzo, waya wote kutoka huko hadi nyumbani bado ni hai.

Kwa hiyo stima ikatwe upande wa mita kabla boksi la zamani halijaguswa. Piga Kenya Power kwa 97771 au tumia *977#, upange siku. Usimruhusu mtu yeyote kuvunja sili ya mita. Ni kosa kisheria, na ni hatari.

Una sola yenye inveta, au jenereta? Izime na uitenganishe pia. Ikirudi kwenye boksi, iunganishwe kupitia swichi ya kubadilishia, ili stima ya nyumbani isipande hadi kwenye nguzo anakofanya kazi mtu wa Kenya Power.

Chagua mahali pazuri

Ukuta wa mawe au tofali, mahali pakavu, kimo cha macho. Usiweke juu ya sinki wala karibu na jiko la kuni. Usifunge kwenye ubao wa mbao: mchwa wa huku hawauachi.

Kila tundu ambalo halijatumika lizibwe. Fungua boksi kuukuu lolote Makueni na utaona sababu: kiota cha udongo cha nyigu kwenye kona, mjusi aliyekauka katikati ya nyaya, na vumbi jekundu kwenye kila skrubu. Uchafu huo ukipata unyevu wa Novemba, unapitisha stima.

Ethi: usiharakishe hapa

Udongo mkavu haupitishi stima vizuri, na sehemu kubwa ya Kitui ina mchanga juu na mwamba chini. Rodi ya ethi ikigonga jiwe, fundi asiikate akaifukia nusu. Asogee pembeni ajaribu tena, au afunge rodi kadhaa kwa umbali na kuziunganisha kwa waya.

Tafuta mahali penye unyevu wa kawaida: panapomwagika maji ya tangi au ya kuoshea vyombo.

Pima ethi wakati wa kiangazi, Agosti au Septemba, udongo ukiwa katika hali mbaya kabisa. Ikifaulu wakati huo, mvua itaiboresha tu. Asimwage maji kwenye rodi kabla ya kupima, maana hapo anapima maji, hapimi ardhi yako. Pakiwa na RCD, ohm 200 uichukue kuwa mpaka wa juu. Lenga chini zaidi.

Kagua kabla ya kulipa

Simama karibu, shuhudia mambo haya:

1. Mega imepima kila sakiti kabla stima haijarudishwa. Usomaji chini ya megaohm 1 una maana waya huo una kasoro. Itafutwe leo.
2. Waya wa ethi wa kijani na manjano umefika kwenye kila soketi, na haujafungwa pamoja na nyutro.
3. Kila skrubu imekazwa. Vuta waya kidogo stima ikiwa imekatwa. Waya huo usisogee.
4. Kitufe cha jaribio cha RCD kikibonyezwa, stima inakatika papo hapo.
5. Nafasi tupu za breka zimezibwa. Kidole kisipate pa kuingia.
6. Kila breka ina jina: "Taa sebuleni", "Shawa", "Pampu". Tumia kalamu isiyofutika.

Chukua cheti chenye namba ya leseni na vipimo vyote. Kipige picha, uiweke kwenye simu. Fundi mwingine akija baada ya miaka, hatabahatisha.

Baada ya hapo

Mwite fundi arudi baada ya mwezi mmoja akaze skrubu tena, stima ikiwa imekatwa. Bonyeza kitufe cha RCD kila miezi mitatu. Isipokata, usitumie shawa hadi RCD ibadilishwe.

Na kabla ya jua kutua siku hiyo ya kwanza, waonyeshe wote wanaoishi hapo, kuanzia nyanya hadi mtoto mkubwa, swichi kuu iko wapi na inazimwaje. Kila mmoja aizime mwenyewe mara moja.