Uongo Hausomwi Machoni: Maswali kutoka Endebess, Kitale na Bungoma

Je, ni kweli kwamba mwongo hujulikana kwa kukwepa macho? (Barua za wazazi, walimu na wenye maduka zimejibiwa pamoja, kwa kuwa zote zinauliza hilo.)

Si kweli. Mwaka 2006 watafiti walioongozwa na Charles Bond waliuliza watu wa nchi 75 wanavyomtambua mwongo, na jibu lililoongoza lilikuwa hilo la macho. Ilhali mwaka huohuo Bond na Bella DePaulo, walipojumlisha majaribio yaliyohusisha waamuzi zaidi ya 24,000, walikuta kwamba mtu hutofautisha ukweli na uongo kwa usahihi wa asilimia 54 tu, yaani anampita kidogo tu mtu anayerusha sarafu. Imani hii huumiza zaidi mahali ambapo mtoto hulelewa ainamishe macho mbele ya mkubwa, kwani mtoto huyo akiitwa ofisini kwa sababu ya kitabu kilichopotea, adabu yake huhesabiwa kuwa hatia, huku mwongo mzoefu, ambaye naye ameusikia uvumi huohuo, akimkazia mwalimu macho makavu na kuachiliwa. Kinachosaidia ni stakabadhi, shahidi, na swali la undani ambalo jibu lake linaweza kuhakikiwa.

Je, mganga wa nyuki, anayedai kutuma nyuki wamsake mwizi, anaweza kumfichua?

Hapana, na anayepokea ada ya kazi hiyo ndiye wa kwanza kuchunguzwa.

Mtoto wa miaka mitatu anadanganya. Je, achapwe?

Asichapwe. Huo ndio umri ambao mtoto huanza kufahamu kwamba mwenzake hajui analolijua yeye, na utafiti wa Victoria Talwar na Kang Lee katika shule mbili za Afrika Magharibi, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watoto wa shule yenye adhabu kali walidanganya zaidi na kwa ustadi zaidi.

Kwa nini watu wanaosali hudanganya kwenye mitihani na mizani?

Donald Cressey, aliyewahoji wafungwa waliokula fedha walizoaminiwa, alieleza mwaka 1953 mambo ambayo baadaye yalifupishwa kuwa matatu: shida ya siri, nafasi, na uhalalishaji, yaani hoja anayojipa mtu ili aendelee kujiona mwema. Nafasi ndiyo iliyobadilika katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya: alama za A zilishuka kutoka 2,685 mwaka 2015 hadi 141 mwaka 2016, usimamizi ulipokazwa. Usahihishaji nao ulilalamikiwa, lakini hakuna anayeweza kudai kwamba tabia za vijana wa Kenya zilibadilika kwa miezi 12. Uhalalishaji nao huonekana kwa mchuuzi anayebonyeza kuelekea ndani kitako cha gorogoro, kopo la kupimia nafaka: hajioni mwizi, kwa sababu amekwisha kujiambia kwamba broka wa Kitale alimpunja kwanza na kwamba kila meza sokoni inafanya hivyo. Mahubiri hayamfikii, maana anaamini yanamhusu mwingine. Basi mnunuzi apindue gorogoro na kukitazama kitako kabla ya kulipa.