Mazoezi ya Mwili ni Kazi ya Wawili



Siku mlipofunga ndoa mliahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Wengi huikumbuka ahadi hii mmoja anapolazwa hospitalini. Lakini kumtunza mwenzako huanza mapema, angali mzima.

Sisi wa Busia na Malaba tuna sababu ya kulitafakari jambo hili. Kazi ya boda boda ilianzia hapa Busia katika miaka ya 1960, vijana wakivusha abiria mpakani kwa baiskeli. Riziki ilitafutwa kwa miguu na pumzi. Leo ni pikipiki, na kijana hukaa juu yake kutwa. Dereva wa lori hukaa kwenye usukani katika foleni ya Malaba. Mama naye hukaa kibandani tangu asubuhi. Jioni tunarudi tumechoka, kumbe moyo na misuli havijafanya kazi. Hapo ndipo presha na kisukari hupata nafasi.

Mwili unahitaji mazoezi ya aina mbili.

Kwanza, ya moyo na mapafu: kutembea haraka, kuendesha baiskeli, kuruka kamba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kipimo ni rahisi: mkitembea muweze kuzungumza, lakini mshindwe kuimba.

Pili, ya kuongeza nguvu, angalau siku mbili kwa wiki. Misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyo katika damu. Kwenye ukumbi wa mazoezi kuna vyuma. Nyumbani inatosha kuketi na kusimama kitini mara 10, kusukuma ukuta, na kuinua jerikeni ya maji ya lita 5. Usizuie pumzi unapoinua, itoe. Mgonjwa wa presha au kisukari, na mama mjamzito, waulize kliniki kwanza. Ukisikia maumivu ya kifua, acha mara moja umwone daktari.

Sasa tuje nyumbani kwenu. Mume anayemwambia mkewe mbele ya watoto, "Umenenepa, nenda mazoezini," hajamsaidia, amemwaibisha. Mke akianza kwenda, asiulizwe, "Unajipambia nani?" Naye anayekwenda, awe mume au mke, asifiche saa wala ada. Pesa hiyo ni ya nyumba. Izungumzieni pamoja na karo na unga. Ikiwa haitoshi, barabara haina ada.

Tena, baba watoto, ukitaka mama apate nusu yake ya saa, mshike mtoto au uteke maji. Usipofanya hivyo, ushauri wako ni mzigo mwingine kichwani pake.

Nusu saa ya kutembea pamoja jioni ni nusu saa ya kuzungumza pia. Ndoa nyingi zinaikosa.

Jadilianeni usiku wa leo:

1. Ni lini mara ya mwisho tulipopimwa presha na sukari?
2. Ni neno gani kuhusu mwili wangu lililoniumiza?
3. Ni siku zipi tano tutakazotembea, na nani atabaki na watoto?