Mti Dume na Mti Jike: Somo la Ua

Katika mazoezi ya kufundisha huko Nambis, wilayani Mbulu, tuliona ua likichorwa ubaoni daima na stameni na pistili pamoja. Mchoro huo hauutoshi mti Hagenia abyssinica, wa ukoo wa waridi, uotao katika misitu ya milima mirefu kama Kilimanjaro na Meru. Huo, mithili ya mpapai, una mti dume na mti jike. Mashada ya jike ni mazito, yenye wekundu. Mche hautambulikani jinsia yake mpaka uchanue. Basi mwalimu na awaulize wanafunzi: shule ikipanda mche mmoja tu, mbegu zitatoka wapi? Tungependa wabishane kabla ya kufungua kitabu.